Fundi pampu aliyenikataza nisinunue pampu

Sikutaka kuandika siku ileile niliyolitoa gari gereji. Siku hiyo kila fundi ni hodari. Nimeacha Juni imalizike, Julai ikapita na baridi lake lote, sasa tuko mwisho wa Agosti. Kipanya changu kimelala nje kila usiku na kila alfajiri kimeamka. Sasa naweza kusema.

Gari lenyewe ni Hiace ya mwaka 1997, dizeli, injini ya 3L. Nililinunua likiwa limeshachoshwa na abiria, nikang'oa viti vya nyuma, nikabakiza benchi moja la wapakiaji. Kazi yake ni kubeba viazi kutoka Isyonje na ndizi kutoka Kiwira, kuleta soko la Sido hapa Mwanjelwa, Mbeya. Dereva ni shemeji yangu. Tunaondoka saa 10 alfajiri, maana ukichelewa, viazi vizuri vinakuwa vimeshapakiwa kwenye Fuso za watu na wewe unaachiwa vile vya ukubwa wa goroli.

Ugonjwa ulianza Aprili kama mzaha. Asubuhi selfu, ile mota ya kuwashia injini, ilizunguka sana, gari likawaka kwa shida, likatetemeka kama mwenye homa, likatoa moshi mweupe mzito wenye harufu ya dizeli mbichi. Dakika tano hivi, likatulia. Mchana ukiligusa ufunguo tu linawaka. Kwa hiyo tukalipuuza. Mei ikaingia na ubaridi, ikawa kila alfajiri tunaamsha vijana wa jirani waje kusukuma. Kuna siku nililipa wasukumaji 10,000 kabla sijauza hata kiazi kimoja.

Shemeji alisema ni mafuta mabovu, dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Si wazo la kijinga. Biashara hiyo ilishamiri sana huko nyuma, hadi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba (alama ya kugundua mafuta yaliyochanganywa) mwaka 2010. Tukahama kituo. Tukahama tena. Gari halikujua kama tumehama.

Fundi wa kwanza akasema betri. Nikanunua mpya, 230,000. Sijutii, ile ya zamani ilikuwa imechoka kweli, lakini tofauti pekee niliyoiona ni kwamba sasa gari lilikataa kuwaka kwa kasi zaidi.

Wa pili, fundi umeme, akasema hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, zimekufa. Hapo alikuwa sahihi. Akafunga nne mpya, akaukata ule mfumo wa kujiendesha wenyewe, akaweka swichi ya kubonyeza kwa kidole pale chini ya usukani: bonyeza, hesabu hadi ishirini, piga selfu. Wiki mbili tulikuwa peponi. Wiki ya tatu tukarudi kwa wasukumaji. Nilipomfuata akaniambia hita siku hizi ni za Kichina, akanyamaza, kama vile hilo ni jibu.

Wa tatu ndiye aliyenitoa jasho. Alilisikiliza gari likiwa la moto, mchana, akatikisa kichwa: "Dada, pampu imekwisha. Haina nguvu ya kusukuma mafuta asubuhi." Pampu ya mtumba kutoka Japani 650,000, ufundi 100,000. Nusu ya hela hiyo niliitafuta kwenye kikundi chetu cha kukopeshana. Nilikuwa nimeshaipata.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na kitambaa. Wenye dizeli mnakijua. Kitambaa kinachovywa kwenye petroli kinawekwa kwenye mdomo wa bomba la hewa, gari linavuta mvuke, linalipuka na kuwaka. Tulikitumia siku nne. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kufanya vile huku hita zina moto ni kuomba ajali, na hata bila ajali, kishindo kile kinapiga pistoni na ringi kwa nyundo. Ule mlio wa "paa!" tuliokuwa tunaushangilia ulikuwa mlio wa hela zangu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza nyanya pale Sido. Akaniambia kabla sijatoa laki saba nimpelekee kwanza mzee wa mashine ya kupima nozo, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, maeneo ya Mafiati. Sitamtaja jina kwa sababu hapendi, na hana hata kibao. Ukifika kule ulizia fundi pampu mzee, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Utaonyeshwa.

Nilifika saa 4 asubuhi, gari likiwa la moto. Nikamwamkia, akaitikia, akasikiliza maelezo yangu yote huku anafuta mikono. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kuniuliza.

"Usiku unaliegesha wapi, mama? Pua inatazama juu au chini?"

Nikamwambia uani kwangu ni mlimani, pua inatazama juu. Akauliza kama limewahi kulala sehemu tambarare. Nikakumbuka siku mbili tulizolilaza kwa dada yangu Uyole, ambako ni tambarare, na siku zile kweli liliwaka kwa shida kidogo tu. Nilidhani ni bahati. Akatabasamu kidogo, akasema hawezi kuligusa gari la moto, nimletee jioni lilale pale kwake, na yeye mwenyewe atalipandisha matairi ya mbele kwenye mbao.

Niseme ukweli, nilikasirika. Nilikuwa nimeshapoteza siku ya soko, na mzee anataka gari langu likalale kwake juu ya mbao. Lakini hakuwa ameniomba hela yoyote, na mtu ambaye hajaomba hela unaweza kumpa usiku mmoja.

Kesho yake saa 12 na nusu asubuhi nilikuwa pale na koti na kilemba. Akaniweka mimi kwenye ufunguo, yeye akaenda kusimama nyuma kwenye ekzozi. "Usibonyeze hita. Piga selfu, hesabu kumi, acha." Nikapiga. Kimya. Akaniita nishuke nije kutazama na mimi, spana boi wake, kijana anayemsaidia kazi, akapiga selfu mara ya pili. Ekzozi haikutoa kitu, hata uzi wa moshi.

Akanieleza taratibu, na hili nalinakili kwa ajili ya kila mwenye dizeli ya zamani. Ukipiga selfu gari halitaki kuwaka, tazama ekzozi. Ukiona moshi mweupe, mafuta yanafika kwenye silinda ila hayapati joto la kuyawasha: shuku hita, shuku kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), shuku mkanda wa taiming ulioruka jino. Usipoona moshi kabisa, mafuta hayafiki: shuku hewa kwenye mabomba, shuku ile swichi ya pampu inayokata mafuta. Mimi nilikuwa nauona moshi mweupe kila siku, lakini niliuona baada ya kupiga selfu sana. Mwanzo wa selfu sikuwahi kwenda nyuma kutazama. Nani ataenda nyuma saa 10 alfajiri?

Kisha akaweka kiganja juu ya ile pampu ndogo ya mkono iliyo kichwani mwa chujio la dizeli, akaanza kubonyeza. Ilikuwa laini kama puto. Nilihesabu, ilifika thelathini na kitu ndipo ikaanza kuwa ngumu. "Sasa piga." Likaja wingu jeupe lile lile ninalolijua. Gari halikuwaka, lakini mzee alifurahi kama vile limewaka.

"Mama, hapa kuna ugonjwa zaidi ya mmoja. Ndiyo maana kila fundi alikuwa na ukweli kidogo."

Akaenda kwenye boksi lake akatoa kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kama ule wa dripu hospitali lakini mnene. Akauunga kati ya chujio na pampu kubwa, akakaza klampu, tukaliwasha kwa tabu. Akanivuta nichungulie. Ndani ya ule mpira mapovu yalikuwa yanakimbizana kama soda iliyotikiswa. Akazima, akahamishia mpira uleule upande wa pili, kati ya bomba la tangi na chujio. Tukawasha tena. Mafuta yalipita safi, rangi ya chai ya rangi, bila povu hata moja.

Kwa hiyo hewa haikuwa inaingilia kwenye tangi wala kwenye bomba refu la chini. Ilikuwa inaingilia kwenye kichwa cha chujio chenyewe. Alikifungua akanionyesha raba ya ndani ya pampu ya mkono: ilikuwa na ufa mwembamba usiozidi ukucha. Gari likisimama usiku kucha, hewa inapenya pale, dizeli yote iliyo mbele inateremka kurudi tangini. Pua ikitazama juu inateremka yote. Kwa dada Uyole ilikuwa inateremka nusu. Ile pampu kubwa niliyoambiwa imekwisha ilikuwa inavuta upepo, basi.

Hapo nikamwambia habari ya pampu ya 650,000. Hakumsema vibaya mwenzake. Alisema tu, "Angeniletea mimi niipime, ningempa jibu kwa elfu kumi," akaendelea na kazi.

Hita alizipima kwa taa ndogo yenye waya mbili. Anang'oa lile bamba linaloziunganisha zote nne, anashika chanya ya betri kwa waya mmoja, wa pili anagusa kichwa cha hita: taa ikiwaka hita ni nzima, isipowaka imekatika ndani. Taa iliwaka kwenye moja tu. Tatu zilikuwa maiti, na zilikuwa na umri wa wiki nne. Akazichomoa, akavuta miwani, akanionyesha maandishi madogo ubavuni: 6V. Hizo zimetengenezwa kwa mifumo inayozipa umeme mkali kwa sekunde chache kisha inapunguza. Swichi yangu ya kidole ilikuwa inazimwagia volti 12 za betri moja kwa moja, na sisi tunahesabu hadi ishirini! Zilikuwa zinaungua kila asubuhi mbele ya macho yetu. Habari ya Uchina haikuwemo kabisa.

Bado kulikuwa na mtetemo. Alipolifanya gari likawaka, alilegeza nati za mabomba ya nozo moja moja, anasikiliza. Ya kwanza, mlio ukaporomoka. Ya pili vivyo hivyo, na ya nne. Ya tatu alilegeza, mlio haukubadilika hata kidogo. Silinda hiyo ilikuwa abiria.

Sasa nifike kwenye kile kinachompa jina. Ana chumba kidogo cha mabati, sakafu ya saruji, ndani kuna mashine ya kupimia nozo: mkono wa chuma, saa ya presha, na kikombe cha kioo chini. Anafunga nozo, anasukuma mkono, unatazama. Nozo ya kwanza ilitoa ukungu mwembamba wenye umbo la pia na mlio wa "krrr", kama chura wa mbali. Ya pili na ya nne hivyohivyo. Ya tatu haikulia. Ilitoa uzi mmoja uliopinda, nisamehewe, kama kojo la mtoto mchanga. Na alipoacha kusukuma, tone likabaki linaning'inia kwenye ncha. Spana boi alitaka kulifuta tone kwa kidole huku mkono wa mashine bado umeshikwa, akachapwa kofi la kiganja. Mafuta ya presha ile yanatoboa ngozi na kuingia mwilini, akamwambia, na hospitali utakwenda ukiwa na tundu dogo kama la sindano lakini mkono unaweza kukatwa. Nilimpenda kwa kofi lile kuliko kwa kazi yote.

Alibadilisha ncha ya nozo ya tatu, akaziosha zote nne, akazipima tena mbele yangu hadi saa ya presha ikawa inasimama karibu sehemu moja kwa zote. Washa za kopa aliweka mpya zote. Nilimuuliza kwa nini asirudishe za zamani, maana zilionekana nzima. Akasema zimeshabonyea, zitavujisha, na nitarudi kwake na malalamiko.

Kabla ya kurudisha hita alipima kompresheni kwa kupitia matundu yake. Silinda zote nne ziko chini kidogo lakini zinafanana. "Injini imezeeka, lakini imezeeka kwa usawa. Usiifungue." Nadhani fundi mwingine angesikia neno "imezeeka" akaishia hapo na kuniandikia ovahoo, kufungua injini yote.

Hesabu aliniandikia kwenye kipande cha boksi, nimekitunza: kichwa cha chujio 45,000, hita nne za volti 12 kwa 72,000, ncha ya nozo 30,000, kuosha na kupima nozo nne 32,000, washa 12,000, ufundi 50,000. Jumla 241,000. Linganisha na zile 750,000 ambazo zingeniacha na pampu nyingine inayovuta upepo uleule.

Sasa malalamiko, maana yapo.

Aliniahidi siku moja, zikawa tatu. Siku ya pili duka lilileta hita zisizo sahihi akazirudisha, hilo namsifu. Siku ya tatu alikwenda msibani bila kuniambia, na simu hapokei. Si kwamba haipatikani: inaita, iko mfukoni, hapokei kwa sababu mikono ina mafuta. Nilikodi gari la mtu kwa 60,000 siku hiyo. Nilipomlalamikia aliomba radhi vizuri, akapunguza 5,000 kwenye ufundi. Elfu tano! Nikaipokea.

Vijana wake wana kazi nzuri ya mikono na hawana habari na viti. Kiti cha dereva kilirudi na alama ya kiganja cheusi ambayo sabuni imeshindwa. Pia waliacha nati ya mkanda wa betri bila kukaza. Tuligundua kwenye kona za kushuka Kiwira, betri ikiwa inacheza kama ngoma. Kagua mwenyewe kabla ya kuondoka. Choo hakuna, unaomba kwa mama ntilie wa jirani, na inabidi uwe umenunua chai. Mvua ikinyesha mahali pale ni tope tupu, vaa viatu vya shamba. Risiti ni boksi, kama nilivyosema.

Kama una Hiace za kisasa zaidi zenye mashine ya D-4D, usiende. Atakwambia mwenyewe kwamba nozo zile zinaendeshwa kwa umeme na mashine yake haiwezi kuzipima, atakuelekeza kwa wenye kompyuta. Noah na gari nyingine za petroli anazipeleka kwa jirani yake. Yeye ni wa injini za dizeli za zamani: 2L, 3L, 5L na wale wazee wenzao.

Siku ya kwanza baada ya matengenezo shemeji alikwenda uani na kitambaa chake mfukoni kwa mazoea. Alibonyeza hita, akahesabu hadi kumi, akapiga selfu, gari likashika mzunguko wa pili. Jirani mmoja wa wale wasukumaji alikuwa ameshatoka nje na kofia yake ya sufi, akasimama getini akitazama kipato chake kinaondoka. Bado linatoa moshi kidogo asubuhi, dakika moja hivi, na kwenye kupanda Isyonje na magunia kumi bado ni gia ya pili. Lakini halitetemeki, na halijasukumwa tangu Juni.

Nampa nane kati ya kumi. Mbili nimezikata kwa ajili ya simu na kiti.

Anafungua saa 1 asubuhi hadi magharibi, Jumapili yuko kanisani. Mpelekee gari jioni, lilale pale. Mwambie ukweli wote, hata habari za kitambaa, maana ataziona mwenyewe. Mimi narudi kwake wiki ijayo: taa ya T-BELT, inayokumbusha kubadilisha mkanda wa taiming, imewaka juzi tukiwa Igawilo, na nimeshampigia mara sita. Imebidi nimtume shemeji akaniwekee miadi kwa mdomo. Jibu lilirudi kwamba nije na mkanda orijino na beringi yake, na nisithubutu kufika na gari la moto. Ndaga fijo, asante sana, mzee.